Sakafu ya Mbao Baada ya Msasa na Vanishi: Kasoro Zinazojirudia, Visababishi na Namna ya Kuzirekebisha

Malalamiko kuhusu sakafu ya mbao ngumu ambayo mwenye nyumba ameipiga msasa na kuipaka vanishi mwenyewe yanafanana sana. Sakafu ilionekana safi ilipokuwa tupu, mkono wa kwanza wa vanishi ukapakwa, na ndipo mikwaruzo, mabaka au mawimbi yakajitokeza. Wengi huilaumu vanishi na kuongeza mkono mwingine juu yake, hatua ambayo ni nadra kusaidia, kwa sababu vanishi angavu haifichi kitu: hupitisha mwanga na kuurudisha, na mwanga huo ndio unaofichua kila kosa lililotendeka chini yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo jingine, ni lazima kujua kosa liko wapi: ndani ya vanishi, kwenye uso wa mbao, au ndani ya mbao yenyewe. La kwanza hurekebishwa kwa msasa laini na mkono mmoja wa vanishi; la pili hudai msasa urudiwe; la tatu halitibiki kwa msasa hata kidogo mpaka unyevu uliolisababisha uondoke.

Mpangilio wa visababishi chini ya kila dalili unaanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi na kuishia kile cha nadra, na marekebisho yanaanzia yale yanayokula mbao kidogo.

Vipimo vya kufanya kabla ya kuwasha mashine tena

Kipimo cha kwanza ni unene. Ubao mzima wa sakafu, yaani usiotengenezwa kwa tabaka zilizogundishwa, kwa kawaida huwa na milimita 18 hadi 20, lakini sehemu inayoweza kuliwa na msasa ni ile tu iliyo juu ya ulimi unaoingia katika mfuo wa ubao wa jirani, nayo ni takriban milimita 6. Kila mara sakafu inapopigwa msasa kikamilifu huondoka karibu milimita 1, na mikononi mwa mtu asiyezoea mashine huondoka zaidi. Inua kizingiti cha mlango au ung'oe kipande cha ubao wa chini ya ukuta, uone ukingo wa sakafu na upime. Vichwa vya misumari vinavyochungulia katikati ya mbao, au kingo zinazochanika vipande vyembamba kando ya mfuo, vinaonyesha kwamba akiba imekwisha, na hapo mashine isiwashwe. Mbao za tabaka ni suala jingine: uso wake mgumu unaweza kuwa chini ya milimita 1 au kufikia milimita 6, na ukiwa chini ya milimita 2 mashine ya ngoma (ile kubwa ya kusukuma, yenye msasa uliozungushiwa silinda) haipaswi kuusogelea.

Kipimo cha pili ni nta. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti ya kusafishia rangi, usugue kwenye kona isiyokanyagwa, kisha utazame kitambaa. Kikitoka na uchafu wa manjano au kahawia unaoteleza vidoleni, sakafu ina nta, na nta ni chanzo cha matatizo kadhaa yatakayoelezwa hapa.

Kipimo cha tatu si cha kujifanyia. Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi (Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978), na gundi nyeusi iliyoshikilia vigae vya zamani juu ya mbao inaweza kuwa na asbesto. Ukikuta rangi nzito ya zamani au mabaki ya gundi ya namna hiyo, acha kazi, usikwangue hata kipande kidogo cha majaribio, na peleka sampuli ipimwe na wataalamu. Hata vumbi la mbao safi si la kupuuzwa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, kwa hiyo vaa barakoa ya kuchuja chembe ndogo, si kitambaa kilichofungwa puani.

Msasa unaziba upesi, unanuka kuungua, au unaacha alama nyeusi

Kisababishi cha kawaida ni kuanza na msasa laini mno juu ya vanishi ya zamani. Vanishi hiyo hupata joto kwa msuguano, hulainika kama lami na kujaza nafasi kati ya chembe za msasa, na tangu hapo mashine haikati bali inasugua. Anza na namba 36 au 40 (namba ikiwa ndogo, chembe za msasa ni kubwa na hukata zaidi), na kama vanishi ni nene sana, namba 24, kisha songa mbele kwa mwendo usiosita. Kisababishi cha pili ni nta, ambayo huziba msasa ndani ya dakika chache na kuacha utando wenye mafuta. Iondoe kwanza kwa spiriti na vitambaa vingi safi, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, la sivyo utakuwa unaihamisha tu kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Kisababishi cha tatu ni msasa uliochakaa ambao mtu anaung'ang'ania kwa kubana matumizi. Huo ni ubahili unaogharimu, kwa sababu msasa butu huing'arisha mbao na kufunga vinyweleo vyake, na mbao iliyofungwa hivyo haipokei rangi ya mbao (ile inayonyonywa na mbao kabla ya vanishi) wala haishiki vanishi vizuri.

Cheche zikionekana, umegonga msumari. Zima mashine, zamisha misumari yote kwa nyundo na kizamishio mpaka ifike milimita 3 chini ya uso, kisha kagua mfuko wa vumbi kabla ya kuendelea. Cheche moja ndani ya mfuko uliojaa unga mkavu wa mbao na vanishi inaweza kufuka kwa saa kadhaa bila moshi kuonekana na hatimaye kuwaka usiku. Mfuko umwagwe nje ya nyumba kila unapofika theluthi moja, na usiachwe ndani ya mashine mwisho wa siku.

Mawimbi au mistari inayokatisha mbao kwa nafasi sawa

Weka tochi chini sakafuni, ielekee urefu wa chumba, na uzime taa nyingine. Mistari ambayo mchana haikuonekana itajitokeza kama kivuli baada ya kivuli. Pima nafasi kati ya mstari na mstari, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji. Mistari iliyobanana, chini ya sentimita 2 na nusu, kwa kawaida hutokana na ngoma: msasa haukukazwa vizuri, kiungo chake kimepandana, au mpira wa ngoma umechakaa na kupoteza uduara. Mawimbi mapana zaidi hutokana na magurudumu, hasa yanapogandwa na vumbi lililochanganyika na vanishi iliyoyeyuka. Mistari isiyo na mpangilio, inayotokea sehemu moja tu ya chumba, huashiria kwamba sakafu yenyewe inanesa juu ya maboriti yake.

Hatua nyepesi zije kwanza: fungua msasa na uufunge upya, safisha magurudumu kwa kikwaruzo, na ujaribu mahali pamoja. Kama mistari inarudi, badilisha mashine. Mashine za kukodi hupitia mikono mingi, na mteja ana haki ya kurudisha iliyochoka. Marekebisho ya sakafu yenyewe hayafanyiki kwa kurudia njia ileile, kwa sababu magurudumu hupanda na kushuka katika mawimbi yaliyopo na kuyachonga upya. Rudi namba moja nyuma kwenye msasa na upitishe mashine kwa mshazari kidogo, nyuzi 7 hadi 15 kutoka mwelekeo wa mbao, ili ngoma ikate migongo ya mawimbi badala ya kuyafuata. Mawimbi madogo yanaweza kumalizwa kwa mashine ya sahani, yenye msasa wa duara unaozunguka ukiwa umelala sakafuni, iliyofungwa bamba gumu. Bamba laini hufuata mabonde na kuyaacha kama yalivyo.

Sakafu inayonesa huhitaji fundi wa kuikaza kutoka chini kabla ya msasa wowote.

Bonde moja lenye umbo la ngoma

Hili hutokea ngoma inaposhushwa mashine ikiwa imesimama, au mtu anapogeuka bila kuinyanyua. Laza rula ndefu juu yake. Kina kikiwa chini ya milimita 1, kinaweza kusambazwa kwa kupiga msasa eneo pana linalolizunguka, angalau hatua mbili kila upande, mpaka jicho lisitambue mteremko. Kina kikizidi hapo, kulitafuta bonde kwa msasa ni kuteketeza mbao za jirani zisizo na kosa. Ubao huo ukatwe na kubadilishwa, na kama hujawahi kutoa ubao katikati ya sakafu yenye ulimi na mfuo, muite seremala.

Mikwaruzo ya duara na ukingo uliokoza kuzunguka chumba

Hii ni kasoro inayoripotiwa sana, na inastahili maelezo marefu kwa sababu karibu kila mara hugunduliwa baada ya vanishi kupakwa, wakati ambapo marekebisho yake yamekwisha kuwa kazi kubwa.

Kisababishi cha kwanza ni kuruka namba za msasa. Mikwaruzo ya namba 40 haiondolewi na namba 100. Namba 100 hulainisha migongo ya mikwaruzo hiyo tu, huku mifereji yake ikibaki. Mfuatano wa kawaida ni 36 au 40, kisha 60, kisha 80, na mwisho 100 au 120, na kila namba ina kazi moja pekee, nayo ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Namna rahisi ya kujua kama kazi hiyo imekamilika ni kuchora mistari hafifu ya penseli juu ya sakafu kabla ya kila pasi: mahali ambapo penseli imebaki ni mahali ambapo mashine haikufika.

Kisababishi cha pili ni chembe zilizobaki. Punje chache za msasa namba 40 zilizoachwa sakafuni zikinaswa chini ya sahani ya namba 100 huchora duara zito, lenye mkia, ambalo mtu huapa kwamba halikuwapo. Fyonza vumbi lote kila unapobadilisha namba, pamoja na lile lililo kwenye soli za viatu vyako. Kisababishi cha tatu ni kuiinamisha mashine ya pembeni, ile ndogo ya kupigia msasa kando ya ukuta, ili ikate haraka. Ukingo mmoja wa sahani huzama na kuacha mwezi mchanga baada ya mwezi mchanga kando ya ukuta. Mashine hiyo ilale sawasawa, na uzito wake mwenyewe unatosha.

Ukingo uliokoza, ule unaokizunguka chumba kama fremu ya picha, una asili tofauti kidogo. Pembeni pamemalizwa kwa msasa wenye namba ndogo kuliko katikati, kwa hiyo mbao za pembeni ni mbaya zaidi kwa mguso, hunywa rangi nyingi zaidi, na huonekana nyeusi. Pengine hali ni kinyume: pembeni palisuguliwa kwa msasa butu mpaka pakang'aa, pakakataa rangi, na fremu ikawa nyeupe. Dawa ya hali zote mbili ni moja. Pembeni pamalizwe kwa namba ileile ya katikati, kisha chumba kizima kipitiwe na mashine ya sahani kwa namba ya mwisho ili maeneo mawili yaungane, na pembe ambazo hakuna mashine inayozifikia zikwanguliwe kwa kikwaruzo chenye makali na kumaliziwa kwa mkono kufuata nyuzi.

Kuna ukaguzi mmoja ambao, kwa maoni yangu, ungezuia malalamiko haya karibu yote. Kabla ya rangi na kabla ya vanishi, pitisha kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya kusafishia rangi juu ya eneo la hatua moja kwa hatua moja karibu na dirisha. Kwa muda wa dakika chache, kabla haijakauka, mbao itaonekana kama itakavyoonekana ikiwa na vanishi, pamoja na kila mwezi mchanga uliojificha. Madirisha yawe wazi na moto wote uwe umezimwa, ikiwa ni pamoja na mwali mdogo wa jiko au hita ya gesi unaowaka muda wote.

Rangi ya mbao imeshika mabaka

Ikiwa mabaka yanafuata njia ya mashine, kosa ni la msasa, na maelezo yaliyotangulia yanatosha. Ikiwa yana umbo la matone au alama za vidole, kuna gundi, jasho au kijazio (lahamu ya kuziba nyufa) kilichofunga vinyweleo. Ikiwa yametapakaa bila mpangilio kwenye mbao kama mepo (maple), mbetula (birch) au msonobari, basi ndiyo tabia ya mbao hizo, kwa kuwa msongamano wa nyuzi zake haulingani, na njia bora ni kuziacha na rangi yake ya asili.

Kwa mbao zinazopokea rangi vizuri, kama mwaloni, usawa huimarika sakafu ikipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi na kuachwa ikauke kabisa kabla ya rangi. Maji hunyanyua nyuzi na kufungua vinyweleo kwa kiasi kinacholingana kila mahali. Baada ya hapo sakafu isikanyagwe kwa viatu, kwa sababu kila kisigino kitaacha alama ya kudumu. Msasa wa mwisho usizidi namba 120 pale rangi itakapopakwa.

Mwaloni una tabia nyingine inayowashtua watu: saa moja baada ya kupanguswa, rangi huchuruzika tena kutoka vinyweleoni na kuacha nukta zinazong'aa. Pangusa tena, urudi baada ya muda na upanguse mara ya pili. Nukta zilizokauka hazitakubali vanishi.

Vitambaa vilivyotumika kupangusia rangi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni na hutoa joto yanapofanya hivyo. Katika rundo la vitambaa joto halina pa kutokea, na vitambaa huwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka viwe vikavu kabisa, au vizamishwe katika kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Vanishi inanata au haikauki

Anza na hali ya hewa ya chumba. Vanishi hupenda nyuzi joto 18 hadi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60. Chumba kikiwa na baridi, kimefungwa au kina unyevu mwingi, kukauka huchelewa hata mara dufu. Fungua njia ya hewa, ongeza joto taratibu, na usubiri siku mbili kabla ya kuhukumu. Pili, fikiria unene wa mkono uliopakwa: vanishi nzito hukauka juu na kubaki mbichi chini, na ukiibonyeza kwa ukucha inabaki na alama. Tatu, rangi ya mbao iliyo chini haikuwa imekauka. Nne, na hili hutokea kwa mbao chache tu, mbao yenyewe ina mafuta ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta kukomaa. Msaji na jamii ya rosewood zinajulikana kwa tabia hiyo. Mbao hizo hufutwa kwa kiyeyushi kinachopendekezwa na mtengenezaji wa vanishi, kisha kupakwa mkono mwembamba wa kutenganisha, kwa mfano shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa katika spiriti) isiyo na nta, kabla ya vanishi.

Ikiwa wiki imepita na sakafu bado inanata katika hali nzuri ya hewa, vanishi hiyo haitakauka tena. Ikwanguliwe yote. Kupaka mkono mwingine juu yake ni kuifungia ubichi ndani.

Ikumbukwe pia kwamba kukauka si kukomaa. Vanishi ya mafuta hukubali mkono unaofuata baada ya saa 8 hadi 24, lakini huhitaji karibu siku 30 kufikia ugumu wake. Ya maji hukauka kwa saa 2 hadi 4 na kukomaa kwa wiki moja hadi mbili. Alama nyingi za miguu ya viti na mabaka ya mazulia hutokana na haraka ya kurudisha samani.

Viputo, chembe, vijicho na uso unaokwaruza

Uso unaokwaruza baada ya mkono wa kwanza wa vanishi ya maji si kasoro: maji yamenyanyua nyuzi. Lainisha kwa mkono mwepesi kwa msasa namba 180 au 220, futa vumbi, endelea. Chembe za vumbi hutendewa vivyo hivyo. Viputo hutokana na kopo lililotikiswa badala ya kukorogwa polepole, rola iliyokimbizwa, au jua na upepo vilivyokausha uso kabla hewa haijatoka. Vijicho, yaani viduara ambavyo vanishi imejitenga na kuacha mbao wazi katikati, ni kesi tofauti, kwa maana vinaonyesha nta, silikoni au mafuta ya kung'arishia samani, na haviondoki kwa kuongezwa vanishi. Eneo likwanguliwe, lisafishwe kwa spiriti mara kadhaa, na mkono wa shelaki isiyo na nta utangulie. Michirizi mirefu inayoonekana dirishani hutokana na ukingo uliokauka kabla ya kuunganishwa na pasi iliyofuata: paka kufuata urefu wa mbao, na usirudi kugusa sehemu iliyoanza kukauka.

Vanishi inabanduka

Kwanza bainisha inabanduka kutoka wapi. Chora kwa wembe mistari michache iliyokatana katika eneo dogo lililofichika, bandika utepe wa karatasi wenye gundi, uukandamize kwa ukucha, kisha uung'oe kwa nguvu. Tazama kilichobaki sakafuni. Ukiona vanishi nyingine chini, laini na inayong'aa, mikono miwili haikushikana. Ukiona mbao tupu, vanishi nzima imeshindwa kuishika mbao.

Mikono isiyoshikana karibu kila mara ilinyimwa msasa wa katikati. Vanishi iliyokwisha kukauka ni laini kupita kiasi na mkono mpya hauna pa kujishikiza. Ndiyo maana hukwaruzwa kidogo kwa namba 180 au 220 mpaka mng'ao upotee na pabaki weupe wa ukungu usiokatika, kwa kuwa nukta inayong'aa ni nukta ambayo msasa haukuigusa. Kisababishi cha pili ni vumbi la msasa huo huo lisilopanguswa. Cha tatu ni kupaka vanishi ya maji juu ya bidhaa ya mafuta ambayo haijakauka vya kutosha. Kwa wale waliotarajia kuokoa sakafu ya zamani kwa kuikwaruza tu na kuipaka mkono mmoja mpya bila msasa kamili, kisababishi kikuu ni sabuni na ving'arishi vya miaka mingi, hasa jikoni na mbele ya makochi. Sehemu hizo zijaribiwe kwanza kwa kiraka kidogo na kipimo cha utepe wa karatasi baada ya siku moja.

Iliyobanduka kutoka kwenye mbao tupu huwa ilipakwa juu ya nta, juu ya mbao iliyong'arishwa na msasa butu, au juu ya mbao yenye unyevu.

Marekebisho ya kiraka huonekana daima, kwa hiyo kama eneo ni dogo, kwangua mbao nzima kutoka kiungo hadi kiungo badala ya kukata duara katikati. Kama inabanduka sehemu tatu au nne za chumba, iliyobaki nayo haijashika, iondoe yote.

Mabaka meusi

Mabaka ya buluu au meusi kuzunguka misumari na mahali palipomwagikiwa na maji kwenye mwaloni ni mwitiko wa chuma na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao hiyo. Msasa huyapunguza, asidi ya oksaliki, ikichanganywa na maji kwa kipimo cha mtengenezaji, huyafuta. Hii ni sumu: vaa glavu na miwani, na suuza sakafu kwa maji safi zaidi ya mara moja, maana masalia yake yakikauka na kupigwa msasa huwa vumbi linalounguza koo na mapafu. Mkojo wa wanyama huingia ndani zaidi, na mara nyingi hauna dawa isipokuwa kubadilisha mbao. Baka jeusi lililo laini ukilichoma kwa bisibisi si doa bali ni mbao iliyooza. Acha hapo, umtafute fundi aangalie maboriti yaliyo chini.

Mbao zimejikunja, au nyufa pana zimetokea

Pitisha rula kukatisha upana wa ubao mmoja. Kingo zikiwa juu na katikati kukiwa chini, upande wa chini wa ubao una unyevu kuliko wa juu: bomba linavuja, chini ya sakafu hakuna hewa, au zege iliyo chini haikukauka. Jambo baya kuliko yote ni kuzipiga msasa mbao hizo zikiwa katika hali hiyo. Msasa huondoa kingo zilizonyanyuka, sakafu ikaonekana tambarare, kisha unyevu unapoondoka mbao hurudi katika umbo lake na kingo zinazama, katikati kukibaki kama mgongo wa samaki. Kwa hiyo sakafu yenye migongo huenda si ya maji ya leo. Huenda ni ya msasa wa haraka wa mwaka uliopita.

Tumia kipima unyevu cha mbao. Pima sakafu sehemu nyingi, kisha pima mbao za chini yake. Kwa mbao nyembamba, zisizofika milimita 76 kwa upana, tofauti isizidi asilimia 4. Kwa mbao pana, isizidi asilimia 2. Kama imezidi, ziba chanzo cha maji na uache nyumba ikauke kwa hali yake ya kawaida, kazi inayoweza kuchukua wiki au miezi. Hita kali iliyoelekezwa sakafuni hukausha uso peke yake na kuongeza nyufa. Mbao nyingi hunyooka zenyewe kwa kiasi kikubwa, na msasa unaobaki kufanywa huwa mdogo kuliko ule uliodhaniwa mwanzoni.

Nyufa nyembamba zinazofunguka majira makavu na kufunga majira ya unyevu ni pumzi ya kawaida ya mbao. Kijazio kikigandamizwa humo kitatapikwa mbao zikitanuka. Lakini nyufa chache, pana, zinazotokea kila baada ya mbao kadhaa zilizoshikamana kabisa, zinaonyesha kwamba vanishi imeingia viungoni na kuzigundisha mbao hizo kuwa bamba moja, hivyo kusinyaa kote kunakusanyika mahali pamoja. Hutokea zaidi kwa vanishi ya maji inayomwagwa kwa wingi bila mkono wa kwanza wa kutangulia. Kata kwa uangalifu, kwa kisu chembamba, vanishi iliyojaza viungo vilivyogandana, na usubiri majira yabadilike kabla ya kuamua zaidi.

Muite mtaalamu bila kusita ikiwa kipima unyevu kinapanda wiki baada ya wiki, harufu ya ukungu inatoka chini, sakafu imejitenga na maboriti na inadunda ikikanyagwa, au mbao zimesukuma ukuta. Katika hali hizo wa kwanza kuitwa ni fundi bomba au fundi wa msingi wa nyumba. Fundi wa vanishi asubiri mpaka vipimo viwili vya unyevu, vilivyochukuliwa kwa nafasi ya wiki mbili, vilingane.